Kamati ya Harusi ya Milango ya Choo

Chupa ya maji ya binti yangu ilikuwa inarudi nyumbani imejaa. Mimi nauza plastiki Kariakoo, mabeseni, ndoo na chupa, na hiyo nilimchagulia mwenyewe dukani. Nikamgombeza: wewe unayatembeza maji? Akasema hanywi, maana akinywa atakwenda chooni, na vyoo vya wasichana shuleni kwao havina milango. Wavulana wanapita wakichungulia. Kumbe ndiyo maana kila mara namrudisha kwa daktari na mkojo unamchoma, nami nikisingizia joto. Niliumia, jamani.

Basi nikawakusanya wazazi. Sasa sisi watu wa Dar tuna ugonjwa wetu: tukikaa watu kumi tumeshaunda kamati, na kamati tunayoijua ni ya harusi tu. Uenyekiti akapewa mzee wa duka la vitambaa, ambaye mtaani kwetu hakuna harusi iliyofungwa bila yeye. Kikao cha kwanza tu akauliza, "Ukumbi tumeshapata?"

"Mwenyekiti, hii ni milango ya choo."

"Najua, mama. Lakini milango itaingiaje bila shughuli?"

Nikacheka peke yangu. Wenzangu walikuwa wanaandika. Ikaundwa kamati ya mapambo, ya chakula, ya usafiri. Kwenye rangi ya sare tulikaribia kushikana mashati, wa Ilala wanataka zambarau, wa Kariakoo dhahabu. Nilipouliza nani anaenda kwa seremala, mama mmoja akanitazama kwa huruma. "Dada, una haraka kama bwana harusi."

Ila nisiwe mnafiki, watu walichanga. Shule ilipoomba kwa barua hawakutoa hata msumari. Walipopata kadi ya mwaliko yenye maua, hata wasio na watoto walitoa.

Milango ikaja, ya bluu, mizuri, ikapachikwa. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Mwenyekiti aliizungushia utepe mwekundu, akaipiga kufuli, funguo akatia mfukoni: haingii mtu mpaka mgeni rasmi aje kuzindua. Wasichana sasa wakawa wanakimbilia nyumba za jirani kuomba choo, na wangu, mwenye haya zake, akawa haombi. Mgeni rasmi akaahirisha. Akaahirisha tena. Mwalimu mkuu naye alikuwa kamati ya chakula, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshtakia. Nikamfuata mwenyekiti dukani kwake nimefura.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Mimi sijambo, mwanangu ndiye anaumwa. Naomba funguo."

"Bibi harusi haonekani kabla ya siku yake," akasema, wala hakutabasamu. Niliondoka bila kuaga.

Siku ikafika, Jumamosi. Maturubai, pilau, matarumbeta, sare za dhahabu (tulishinda), na MC mwenye suti inayometameta. Mgeni rasmi yuko njiani. Pilau likapoa, yuko njiani. Asubuhi nilikuwa nimemlazimisha binti yangu anywe maji, nikijua leo milango inafunguliwa. Nikamwona pale mbele amebana miguu, machozi yanamlengalenga. Uvumilivu ukaniishia, nikainuka.

"Mwenyekiti, funguo!"

"Mama, itifaki…"

"Na hilo gauni, atalifua mgeni rasmi?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mzee akamtazama mtoto, akaingiza mkono kwenye kanzu, akanipa. Mkasi sikuuona, nikaukata utepe kwa meno, nikafungua kufuli. MC, ambaye sidhani kama amewahi kuona mtu anaingia mlangoni bila kutangazwa, akapaza sauti: "Mabibi na mabwana, tusimame, anaingiaaa!" Matarumbeta yakalipuka. Mwanangu akajifungia, nikasikia komeo likilia.

Alipotoka alipokewa kwa vigelegele. Akajificha ndani ya kitenge changu kwa aibu, nami nacheka huku nalia kama mwehu. Mwenyekiti alikuwa anajifuta macho kwa kilemba.

"Mama, na kesho kutwa watapiga muziki?"

"Hawapigi, mwanangu. Ni wewe na mlango wako tu."

Jumatatu jioni nilifungua begi lake. Chupa ilikuwa tupu. Nikapapasa daftari zote, nikidhani imemwagika, zilikuwa kavu.