Siku Niliyompulizia Tosha Dawa ya Ng'ombe

Nakumbuka siku moja kule Mbooni, mdogo wangu, nikiwa nyumbani kwa likizo ya chuo kikuu. Sina mvi za kunipa haki ya kutoa nasaha, lakini umeniambia mbwa wako anajikuna mpaka anatoka damu, kwa hiyo nisikilize.

Susu, nyanya yetu, aliishi peke yake, na mbuzi na ng'ombe wake walilala salama kwa sababu ya Tosha, mbwa wake. Kila jioni, mbuzi wakishaingia zizini, alikaa kwenye kigoda akampapasa Tosha masikioni, makwapani na katikati ya vidole. Akipata kupe, alimshika karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole, akamtumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni.

Nilimcheka. "Susu, utawamaliza lini mmoja mmoja hivyo, na dawa ya kupe ya ng'ombe iko hapo stoo?"

"Hiyo ni ya ng'ombe."

"Kupe ni kupe, Susu."

"Haya, profesa. Tosha ana pembe?"

Jumapili alipoenda kanisani, nilichanganya dawa, nikajaza pampu, nikamlowesha Tosha kuanzia shingoni hadi mkiani. Nilijiona nimeleta maendeleo. Kabla ya saa sita alikuwa anatoa mate, anatetemeka, miguu ya nyuma haimshiki.

Susu alinikuta nimesimama tu. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaanza kumwosha kwa sabuni na maji mengi, bado ana nguo zake za kanisa, akanituma nimpigie simu daktari wa mifugo. Daktari alifika kwa boda boda, akamdunga Tosha sindano, kisha akaomba chupa.

"Imeandikwa hapa isitumiwe kwa mbwa. Hukuona?"

Asubuhi nilikuwa nimeishika chupa ile ile mikononi mwangu, nisiisome. Susu akanitazama, povu bado liko kwenye viwiko.

"Wewe unamuuliza pasta maswali. Unamuuliza chifu. Mimi unaniuliza mpaka nachoka. Chupa hukuiuliza?"

Tosha alipona, ingawa ngozi ya tumbo ilibambuka. Lakini likizo yote, nikishika kitu chochote, hata kikombe cha chai, aliinuka akahamia upande wa pili wa Susu.

Basi, usiache kuuliza. Ila anza na lile unalotaka kulifanya wewe mwenyewe, hasa kama atakayeumia hawezi kukujibu. Mkague mbwa wako kila jioni kwa vidole vyako. Dawa mnunulie iliyo ya mbwa, na ngozi ikiwa na vidonda mpeleke kwa daktari kwanza.

Mungu akupe mikono ya upole, mdogo wangu, na mbwa wako asikuhame kamwe ukiwa umeshika chai.