Kiganja cha Mama Masika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa karibuni kwenye kituo cha taifa cha kuchunguza jua, kule kilimani juu ya Butembo. Aliyenifundisha kazi ni Mama Masika wa Kirumba. Darubini yetu iliangusha sura ya jua juu ya karatasi nyeupe, nasi tukachora madoa yake hapo. Hakuna aliyeweka jicho kwenye tundu la darubini lenyewe, maana mwanga ule unapofusha.

Siku hiyo akaja mkubwa mmoja kutoka Beni na binti yake mdogo. Unajua kwetu mgeni hapewi kilekile wanachopewa watoto wa nyumba. Alipoona wanafunzi waliotutembelea wameizunguka karatasi, akanuna.

"Mutoto wangu aangalie karatasi sawa na bale banafunzi? Hapana. Aangalie jua yenyewe."

Mkuu wetu, mtu aliyesoma mpaka akachoka, akaiondoa karatasi! "Karibu, patron," akasema, kana kwamba yule ndiye bosi wake, huku anamwinua mtoto kwenye tundu. Heshima ya kijinga namna ile naichukia mpaka leo.

Mama Masika hakubishana. Alipitisha mkono, akaziba tundu kwa kiganja. Nilimwona anauma meno, lakini hakuutoa mpaka mtoto aliposhushwa chini. Kisha akamwonyesha yule baba ngozi iliyoungua.

"Papa, ona mukono yangu. Jicho ya mutoto ingekuwa namna gani?"

Yule bwana akambeba bintiye wakaenda zao. Ungedhani mkuu angeshukuru. Wapi!

"Umetupatisha haya mbele ya mugeni. Enda kwenu."

Mama akashuka kilima, mkono umefungwa kitambaa, na mkuu akabaki na kiti chake. Haki iko wapi hapo, jamani?

Sasa nasikia kesho unaanza kazi. Adabu ni nzuri, nimekulea nayo. Lakini ukimwona mkubwa anampeleka mtu penye hatari, usitafute maneno matamu. Zuia kwanza, msamaha utauomba baadaye. Mungu akulinde, mwanangu, akuachie macho mazima mpaka uzeeni. Na siku wakikufukuza kwa sababu kama ile, njoo hapa Bulengera mchana kweupe, usijifiche. Nitakuchinjia mbuzi.