Kitunga Kilichopata Joto

Mtoto wa wifi yangu alizaliwa kabla ya mwezi wake, majira ya mvua, wakati hapakuwa na ukuni mkavu katika Baraka nzima, mji wetu wa kando ya ziwa. Nasema Baraka nzima, lakini sikuzunguka nyumba zote. Niandike tu kwamba katika nyumba nilizozijua hapakuwa nao.

Alikuwa mdogo sana. Mama mkwe alimlaza kwenye mkono mmoja, kichwa kikakaa kwenye vidole, na miguu haikufika kwenye kiwiko. Mfirimiye, yaani muuguzi wa dispansari, alikuja, akamgusa nyayo.

"Mutoto huyu anaomba joto," alisema. "Lakini moshi hapana. Akianza kukohoa, ile nguvu kidogo iko nayo itaisha."

Halafu akamtazama mama mkwe, si mimi, akaongeza, "Mama, muchana na usiku."

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, katika ile miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa kazini upande wa Lulimba, na mume wa wifi vilevile, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake watatu na yule mtoto. Mimi nilitoka Fizi, juu milimani, ambako ukitaka kuni unaingia nyuma ya nyumba. Huku chini karibu na ziwa zilitoka mbali, juu ya kichwa, na zikinyeshewa zinamliza mpishi. Miti ya pamba iliyobaki shambani baada ya mavuno ingetufaa, lakini agronomu, bwana shamba wa serikali, alitaka ing'olewe na kuchomwa palepale, eti wadudu wasibaki. Labda alisema kweli. Sisi tulitazama moto mzuri ukiwaka shambani bila chungu juu yake.

Basi mama mkwe akaniambia nichukue kitunga, tukaenda mahali wanawake wanapokamulia mawese. Pembeni palikuwa na lundo la makapi, yale manyuzi ya ngazi, matunda ya mchikichi, yanayobaki mafuta yakishatoka. Kwetu tulizoea kuyatumia kidogo kuamshia moto, basi. Yeye alijaza kitunga mpaka juu.

"Takataka hii ndiyo itamchunga mtoto?" nilimuuliza.

"Mukamwana," ndivyo alivyoniita, mimi mke wa mwanawe, "ninyi batu ba mulima munaangusha muti muzima juu ya kupika yayi moja. Kaa, uone."

Alichoma maganda makavu ya muhogo, akayazima kabla hayajawa majivu, akayasaga. Makapi tukayatwanga kwenye kinu. Akachanganya vyote na maji mazito ya muhogo yanayonata, tukafinyanga mabonge ya kujaa ngumi. Mikono yangu ilinuka mafuta hata niliposhika kitabu cha sala. Tuliyapanga juu ya uchaga, kila bonge na nafasi yake, na kazi yangu ikawa kuyageuza kila jua lilipotoka.

Bonge la kwanza aliliweka juu ya kaa moja ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Nilingoja mwali. Haukuja. Lilianza kuwa jekundu upande mmoja, polepole, na ule wekundu ukaingia ndani na kukaa humo. Moshi ulitoka mwanzoni, tukiwa nje na chungu, kisha ukakatika. Tukakiingiza ndani, tukakiweka karibu na kitanda. Nilienda ziwani kuchota maji, nikarudi, nikapika, nikafagia, na bonge lilikuwa bado linaishi. Nilichuchumaa mbele yake kama mtu aliyeitwa. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kwa masista na nilifikiri moto naujua.

Siku ya nne au ya tano ulikuja mvumo wa mvua kutoka upande wa ziwa. Mama mkwe alikuwa ndani akimkanda wifi kwa maji ya moto. Mabonge mapya yalikuwa juu ya uchaga, hayajakauka, na ndani bado yalikuwa na mafuta, maana siku hiyo makapi hayakukamuliwa vizuri. Sitasema nilikuwa na haraka. Nilifikiri najua. Niliyatia yote katika kitunga kikubwa, nikayashindilia yaenee, nikafunika kwa majani ya ndizi, na juu yake blanketi kuukuu, nikakiburuta ndani. Kisha nikajisifu moyoni. Hakuna aliyenituma.

Asubuhi ya siku ya tatu tangu nifunike kitunga, mvua bado inanyesha, niliamka nikakuta chungu baridi. Mabonge niliyotia jioni, ya juu ya kitunga, yalikuwa mabichi, yaliuzima moto badala ya kuulisha. Wifi alikuwa amemweka mtoto kifuani ndani ya nguo. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuitafutia jina. Hakulia.

"Leta ya katikati ya kitunga," alisema mama mkwe. "Pengine ile imekauka."

Niliingiza mkono mpaka kiwiko na nikautoa kwa kelele. Nilidhani nyoka. Halafu nikadhani mtu ametia kaa humo, na nakiri nilimfikiria jirani mmoja kwa jina, naye hakuwa na kosa lolote.

"Mama, ni moto! Ndani iko moto!"

"Nani ametia moto?"

"Hakuna."

Alikuja, akaingiza mkono wake taratibu, na uso wake ukabadilika. Hakuwa amewahi kuona hivyo. Nilikuwa nimezoea kwamba anajua kila kitu cha jikoni, na kumwona anashangaa kulinitisha kuliko joto lenyewe. Hapakuwa na kaa, wala mwali. Takataka yenye unyevu, iliyofunikwa siku mbili, ilikuwa imejitengenezea joto peke yake gizani.

Hakukaa kushangaa. Alichota makapi ya pembeni mwa kitunga, yaliyokuwa ya vuguvugu tu, akayafunga katika kitambaa cha kikwembe mara mbili, akaliweka fungu kwenye shavu lake, akangoja, kisha akalisukuma nyuma ya mgongo wa mtoto, pale kifuani kwa mama yake. Akafanya jingine la miguuni.

"Mama, ni nini hii?" wifi aliuliza.

"Nyamaza. Ni joto."

Mimi alinituma kuomba moto kwa jirani, mke wa mwenye mtumbwi, wa nyumba za Waislamu karibu na maji. Watu walisema yule mama ni mchoyo. Mimi nina ushahidi wa asubuhi hiyo moja tu, na asubuhi hiyo alijaza makaa kwenye kigae, akafunika kwa kigae kingine, akakataa kunipa nibebe.

"Wewe utayazimisha njiani, unatetemeka," alisema, akatangulia mwenyewe mvuani.

Tulipoingia, juu ya kitunga palikuwa pamesimama uzi mwembamba wa moshi.

"Subhanallah! Nani aliwasha hii?"

"Hakuna," nilisema tena.

"Hakuna haina mikono! Mumwage! Mumwage chini, mutachoma nyumba!"

Tulikiburuta hadi barazani na kukipindua. Katikati mabonge yalikuwa meusi, hayakuwa tena mabonge. Na upepo ulipoyagusa, pale penye weusi pakafunguka wekundu, mdogo kama punje ya mtama, kisha punje nyingine. Tuliinama watatu juu yake. Sijui wenzangu walifikiri nini. Mimi nilitaka kupiga magoti, nikaona haya mbele ya wakubwa.

Mama mkwe akachukua kipande kilichowaka, akakitia chunguni.

"Na yangu muweke," jirani alisema, bado ameshika vigae vyake. "Sitembei mvuani bure."

Basi yakawekwa pamoja, pale barazani, mpaka moshi ulipokatika.

Jioni mama mkwe alinikaripia sana, na ilikuwa haki yake, kwa sababu nusu ya mabonge yaliharibika na tungeweza kulala nje. Hata leo sithubutu kusema makapi ndiyo yaliyomponya mtoto. Huenda ni kifua cha mama yake, au makaa ya jirani, au Mungu hakuhitaji kitunga changu. Naandika nilichokishika kwa mkono.

Lakini hiyo ilikuwa jioni. Mchana, chungu kilipokuwa kimewaka vizuri, mtoto alianza kujinyonganyonga ndani ya nguo. Tangu azaliwe tulikuwa tukimdondoshea maziwa ya mama yake kwa kijiko. Sasa alizungusha kichwa, akatafuta, akashika titi mwenyewe.

"Aii! Anauma!" wifi alipiga kelele.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa kwenye chungu, hakugeuka.

"Mwache akuume," alisema.