Neno la Siri na Radhi ya Shangazi

Kompyuta kubwa ya kituo chetu cha mawasiliano pale Kibiti niliiunga mwenyewe kutoka mabaki ya kompyuta tatu mbovu. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye kibanda cha bati anajiita kampuni, na mimi nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa njia ya kusini. Programu zake zote zilikuwa za bure. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alinipa kwenye diski: ya kupokea barua pepe, ya kulinda mlango wa mtandao, hata ya kupima maneno ya siri. Zilikuwa programu huria, zimeandikwa na watu wa kujitolea huko ughaibuni, na mtu yeyote aliruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Wenzangu walinitania kwamba mlinzi asiyelipwa hulala lindoni. Niliwajibu kuwa wa kwangu hajui usingizi, na kwa kweli niliamini.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, wa kule Mbuchi, kwenye visiwa vya mikoko mtoni. Mumewe alikata mikoko maisha yake yote, na alipokufa, mtoto wao wa pekee hakungoja hata arobaini ya baba yake. Aliondoka bila kuaga, akapata kazi kwenye meli ya uvuvi ya wageni. Shangazi aliapa mbele ya watu kwamba asimkanyagie kizingiti. Lakini kijana alipoanza kuniandikia mimi barua pepe kutoka bandari asizojua hata kuzitaja vizuri, mama yake ndiye aliyekuja kuzisikiliza, amejitanda kanga, uso ameugeuzia ukutani. Hakutaka karatasi. Alikuwa akishasikia, anasema "haya", anaondoka. Hakuwahi kujibu hata mara moja.

Sasa nieleze kosa langu. Rafiki yangu wa Dar alitaka awe anaingia kwenye kompyuta yetu akiwa huko huko, anisaidie inapogoma. Ikabidi nimfungulie njia na kumwekea neno la siri. Nikajaribu neno la Kiingereza la kumkaribisha mgeni; programu ya kupima ikalikataa papo hapo, kwamba neno hilo liko kwenye kamusi na mwizi atalibahatisha. Nikaandika "hodihodi". Ikalikubali bila kinyongo, ikalipa na sifa ya kuwa neno imara. Nilicheka peke yangu. Kwetu mtu haingii nyumba ya watu bila kupiga hodi, nikaona nimepata neno la kiungwana ambalo Mzungu hatalijua mpaka kiama. Sikujiuliza kwa nini limekubaliwa. Programu ile ilibeba orodha za maneno ya lugha za wenyewe walioiandika, na la Kiswahili halikuwamo hata moja. Yeyote kati yetu angeweza kuyaongeza, na hakuna aliyefanya hivyo. Nami sikuwaza kwamba wezi wengine wamelelewa kama mimi.

Barua ya mwisho ya binamu yangu ilikuja Jumatatu. Ilikuwa fupi. "Kaka, nimechoka. Muulize mama kama atanipa radhi. Akinipa nashuka bandari inayofuata, narudi nyumbani. Asiponipa nitajua, sitawasumbua tena." Nilituma salamu Mbuchi kwa wachuuzi wa samaki: shangazi aje upesi, aje na jibu. Sikunakili anwani ya kijana popote. Ilikuwa msururu wa herufi na tarakimu, na ya nini kunakili kitu kilichomo kwenye kompyuta?

Alhamisi asubuhi niliiwasha nikakuta haina kitu. Barua zote za watu, anwani, kila faili, vimefutwa. Aliyeingia alituachia mstari mmoja kwenye kioo, kwa Kiswahili safi: "Hodi nimepiga, hamkuitikia." Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa kwenye kiti, nikamtukana mtu nisiyemjua, kisha nikajitukana mimi.

Shangazi alifika Jumamosi. Alikuwa amengoja maji kupwa na kujaa huko kwenye mikono ya mto, akapanda lori la mkaa, miguu ina tope kavu. Kwa mara ya kwanza alikaa amenitazama.

"Baba, mwandikie. Mwambie: mama kakupa radhi, ya duniani na ya akhera. Maziwa yangu nimemhalalishia. Arudi."

Nikamwambia kwamba sina tena pa kupeleka. Nilimweleza habari za mwizi na neno la siri, naye alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayesikiliza khutuba ya lugha ngeni.

"Basi wewe andika tu," alisema.

Niliandika. Maneno yale yalikaa kwenye kompyuta iliyofutwa, hayana wa kutumiwa. Ilichukua wiki kadhaa kituo kuanza kupokea barua tena, na ya binamu yangu haikuja. Shangazi aliendelea kuja kuuliza kila bamvua, maji makubwa yanapojaa, mpaka maradhi yalipomlaza. Tulimzika Mbuchi, mimi nikiwa mmoja wa walioshuka kaburini.

Miaka baadaye binamu yangu alirudi, mtu mzima mwenye mvi. Alisema alituandikia mara mbili baada ya ile barua, na zote zilimrudia na maneno kwamba hapokelewi. Hapo akajua kwamba mama amekataa. Nikamwambia ukweli wote, nikamtajia radhi ile neno kwa neno, maziwa na akhera. Nililia nikisema, sikuona haya.

Alinisikiliza kwa adabu ile ile ya mama yake. Kisha akanishika bega.

"Ahsante, kaka," alisema. "Najua unanipoza tu."

Nimemwapia mara nyingi tangu siku hiyo. Hajaniamini mpaka leo.