Laini ya Mama

Mama alirekodi sauti yake mara moja tu. Alikuwa mgonjwa, amekaa barazani kwake Bukene, nami nimemshikia simu yake ndogo ya batani karibu na mdomo. Alikuwa akimsalimia mtoto ambaye mdogo wangu, aliyeolewa Isikizya, alikuwa bado hajamzaa. Alisema kwa Kinyamwezi, taratibu, na mwisho akamwombea.

"Imeingia?" aliniuliza.

"Imeingia, mama."

"Nisipokuwepo, msikilizisheni."

Hakuwepo. Mdogo wangu alijifungua wiki ileile ya msiba, hata kuzika hakuweza kuja.

Siku ya kuanua matanga, mama mkubwa, dada wa marehemu, ndiye aliyesimamia kugawa vitu. Kwetu nguo za marehemu hufuliwa kwanza ndipo zigawiwe. Siku hiyo hata masufuria yalisuguliwa. Simu ilimwangukia mama mkubwa mwenyewe, akanikabidhi: "Nawe isafishe hii. Sitaki kukutana na mambo yake humo."

Nikachomoa laini, nikaifunga kwenye karatasi, nikaitia mfukoni nikiwa na uhakika kwamba sauti ya mama imo humo. Si ndivyo tunavyosema siku zote, kwamba vitu vyangu vyote viko kwenye laini? Mtu akibadili simu huhamisha laini, na majina yanamfuata. Basi mimi, mtaalamu wa simu wa ukoo kwa sababu tu naishi mjini, nikabonyeza kufuta vyote, kisha nikaipangusa simu kwa kitambaa kibichi. Nikamrudishia ikiwa inang'aa. Kila nikikumbuka kile kitambaa najichukia.

Niliporudi nyumbani mjini, Chemchem, niliiweka laini ya mama kwenye simu yangu, pembeni ya laini yangu. Mtandao ukashika palepale. Majina yakaja, na meseji chache za zamani. Sauti sikuiona. Nikampelekea fundi simu mmoja sokoni, mtu mzima asiye na maneno mengi.

"Laini ni kitambulisho, ndugu yangu," alisema. "Mnara unauliza wewe nani, laini inajibu. Ina nafasi ya majina na meseji kidogo, basi. Sauti ilikaa kwenye simu yenyewe. Ilikuwa na memori kadi?"

"Haikuwa nayo."

"Na umeshafuta."

"Nimefuta."

Aliirudisha laini kiganjani mwangu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole. Hakunitoza kitu.

Siku tatu nilimkwepa mdogo wangu. Alikuwa akiuliza kila mara ile sauti nitaileta lini, kwani mtoto alikuwa karibu kutolewa nje kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Siku ya nne nikajikaza nikampigia, bila kuangalia simu imechagua laini ipi. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Abee, mama."

Aliitika kama alivyoitika tangu utotoni. Nyuma yake nikamsikia mtoto.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua, kaka. Nimeona jina la mama, mdomo ukatangulia."

Nikamweleza yote, pamoja na kitambaa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Kwa hiyo haipo kabisa?"

"Haipo."

"Lakini wewe ulikuwepo. Yaseme basi, namwekea mtoto sikioni."

Nikaanza. Salamu niliikumbuka. Nilikumbuka alivyomtajia mtoto babu zake, na alivyocheka kidogo katikati. Nilisema kwa Kinyamwezi changu kilichochakaa, na mtoto akatulia. Nilipofika kwenye maombi nikakwama.

"Kaka? Aliomba nini?"

Sikujua. Wakati mama anaomba, mimi nilikuwa nimekodolea macho kioo cha simu, nikihesabu sekunde, nione kama inaingia.