Kombati za Kwaya

Ndugu zangu, mpaka leo nikipita karibu na foleni ya malori pale mpakani najifunika khanga usoni. Mimi ni fundi cherehani hapa Tunduma, na mwezi uliopita kwaya yetu ilinipa kazi ya kushona sare za video ya wimbo wa jeshi la Bwana. Nikaona bahati imenifikia: video ingetazamwa huku na Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nami ningekuwa fundi wa nchi mbili! Wasanii kwenye simu wanavaa mabaka ya kijeshi kila siku, nikajua ni fasheni tu. Nikashona kombati, tena na mikanda.

Siku ya kurekodi tukashuka kwa gwaride hadi mpakani, bunduki za mbao begani. Tulipoimba "Twavuka, adui akimbie!", wabadilisha fedha wakakimbia kweli. Akina mama wa Nakonde wakaacha nyanya zao, wakipiga yowe. Mimi nilidhani wanashangilia, nikawapungia mkono.

Ghafla wanajeshi wa kweli wakatuzingira.

"Laleni chini!"

Mama Mchungaji, na magoti yake yale mabovu, alilala kabla ya wote. Roho iliniuma.

"Nani kashona hizi? Hamjui raia haruhusiwi kuvaa?"

Hakuna mwanakwaya aliyenitaja, Mungu awabariki. Nikaanza kupumua. Afande akainama, akageuza kola ya Mama Mchungaji, akasoma kwa sauti tangazo nililotarizi kwenye kila shati:

"Mshonaji ni Neema, mlango wa bluu nyuma ya soko. Karibuni wote."