Kadi ya Kokushubira

Sina sababu ya kuficha, maana nusu ya Nshamba waliona kwa macho yao: mimi, mwalimu wa kipaimara kwa miaka mingi, nimesimama katikati ya akina mama na kadi ya kliniki isiyo yetu, na mjukuu wangu yuko uchi ananing'inia kwenye mizani. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, ugonjwa ulipoanza kutuchukulia watoto wetu wakubwa (tuliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo, maana jina lingine tulikuwa hatujalijua). Binti yangu alifia Bukoba mjini, na wenye nyumba wakachoma godoro, nguo na sanduku lake, kadi ya mtoto ikiwa humo ndani. Nikaletewa Mugisha, mwaka mmoja na miezi, bila karatasi yoyote. Surua ilikuwa imeingia Buganguzi, mlima wa pili kutoka kwetu, na tulishazika watoto huko. Mtoto alihitaji sindano, na mke wangu alilala na mguu uliovimba, basi wa kumbeba nikawa mimi.

Sasa uamuzi wenyewe, mdogo kabisa. Sikutaka kuulizwa kadi iko wapi, kwa sababu lingefuata swali la mama yake yuko wapi, halafu alikufa na nini, mbele ya watu wote. Jirani alikuwa na mtoto wa umri uleule, nikaazima kadi yake. Iliandikwa Kokushubira. Kila Mhaya anajua kwamba Koku ni jina la kike, lakini nesi alikuwa mgeni, Msukuma kutoka ng'ambo ya ziwa, nikajiambia kwake majina yetu yote ni mlio mmoja tu (hapo ndipo shetani huwapata wenye akili). Nilisahau kwamba nesi huita majina kwa sauti, na foleni yote ilikuwa ya Wahaya.

Akaita, "Kokushubira."

Nikasimama, mwanamume peke yangu, nikamvua mtoto kaptura nikamtia kwenye mizani, na Mugisha, Mungu ambariki, kwa baridi ya asubuhi ile akakojoa upinde mrefu hadi mezani, hata wa mwisho kabisa kwenye foleni akaona huyo ni Koku wa namna gani. Wakacheka mpaka wengine wakaweka watoto chini. Mmoja, ambaye katekisimu nilimfundisha mwenyewe, akasema kwa adabu kubwa, "Waitu Mwalimu, tukumbushe, amri ya nane inasemaje?"

Bado nilikuwa na la kudai, kwamba mtoto tulimpa jina la bibi yake. Lakini nesi hakucheka, alikuwa anasoma kadi.

"Babu, huyu amemaliza. Matone ya polio, zile sindano tatu za kifaduro na pepopunda, na surua amechomwa mwezi uliopita. Mrudishe nyumbani."

Mnauona mtego. Nikishikilia uongo wangu, mtoto anarudi nyumbani bila kinga, na surua iko mlima wa pili. Nikasema kadi si yake. Nikasema yake ilichomwa moto, na alipouliza kwa nini, nikamwambia na hilo.

 Kisha mama mmoja akamvuta mwanawe kando akasema huyo achomwe wa mwisho, sindano isije ikatoka kwake ikaingia kwa watoto wa watu. Nesi akafunua sufuria ya mvuke juu ya jiko la mafuta ya taa, akawaonyesha: kila mtoto na sindano yake na bomba lake, na kilichotumika hakirudi mpaka kioshwe na kuchemshwa upya. Akampapasa Mugisha, hana homa. Akamtazama bega la kulia, akakuta kovu la kinga ya kifua kikuu.

"Hii aliipata," akasema. "Nyingine hatujui, kwa hiyo tunaanza upya. Kurudia hakutamdhuru, babu. Kukosa ndiko kunakoua."

Mimi ni mtu mpole, na uvumilivu Bwana amenipa kwa kipimo kikubwa, ila siku ile kilikwisha. Nikasema, "Anachomwa sasa, kwa zamu yake. Anayeogopa atoke kwenye foleni." Hakutoka mtu.

Akachomwa ya surua mkono wa kushoto, akalia kilio cha dume. Nesi akachukua kadi mpya, akaandika Mugisha, akauliza jina la mama. Swali lilelile nililolikimbia tangu alfajiri.

"Yustina," nikasema, kwa sauti ninayosomea Injili. "Andika kwa herufi kubwa."

Jumapili wazee wa kanisa walinisimamisha mbele, nikatubu uongo, na walikuwa na haki. Mmoja akauliza kama natubu pia kumpeleka mtoto wa ugonjwa ule kati ya watoto wa watu. Nikamjibu kwamba nimekwisha kutubu kilichokuwa dhambi, na mwezi ujao mtoto ana sindano nyingine. Kadi ya mtu sitaazima tena mpaka naingia kaburini. Lakini foleni ile sikuikosa hata mara moja, na kaptura nilimvua mwenyewe, watazame wapendavyo.